Mtoto, Mwari na Kijana: Majina ya Umri na Mamlaka ya Nafsi

Majina tunayompa mtu kwa umri wake si hesabu ya miaka tu. Ndani yake mna hukumu juu ya mambo awezayo kujiamulia. Historia ya Tanzania Bara yatoa ushahidi ulio wazi.

Zamani, katika jamii nyingi za pwani, utu uzima haukupimwa kwa miaka. Mvulana alivushwa na jando. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani, akaitwa mwari, akafunzwa na kungwi hata siku ya kutolewa. Ujana ulikuwa mlango wa kupita, wala ufunguo wake haukuwa mkononi mwa kijana, bali mwa wazee.

Waislamu wa pwani, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, walikuwa na kipimo kingine pia. Fikihi ilitenga baleghe, ambayo ni ya mwili, na rushdi, yaani busara ya kujisimamia. Yatima hakukabidhiwa mali yake mpaka yote mawili yathibitike. Maana mwili waweza kutangulia akili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 1971 ilileta kipimo cha tarakimu. Kifungu cha 13 kilimruhusu mwanamume kuoa akitimiza miaka 18, na mwanamke kuolewa akitimiza miaka 15. Walakini kifungu cha 17 kilimtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate kwanza idhini ya baba yake. Yafaa tuliangalie vema jambo hili: alihesabiwa amekomaa kiasi cha kuwa mke, lakini si kiasi cha kuwa na kauli ya mwisho juu ya ndoa yake. Ridhaa yake ilitakiwa, ila peke yake haikutosha.

Sera ya vijana ya mwaka wa 2007 ilimwita kijana kila mtu wa miaka 15 hadi 35, na Sheria ya Mtoto ya 2009 ikamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Basi msichana wa miaka 16 aliweza kuwa mtoto, kijana na mke kwa siku moja. Mwaka wa 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vile viwili vyapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka wa 2019.

Kwa hivyo mtunga kamusi anayefasili neno "kijana" kwa miaka peke yake ameacha nusu ya maana yake. Nusu ya pili ni hii: nani mwenye kauli juu yake?