Herufi Mbili Pembeni mwa Chipu

Federico Faggin hakuwa amemaliza hata wiki moja kazini Intel, huko California, Aprili 1970, alipokabidhiwa mgeni mwenye hasira. Masatoshi Shima alikuwa ametumwa na Busicom, kampuni ya vikokotoo ya Japani, aje kukagua michoro ya chipu nne ambazo Intel iliahidi kuitengenezea. Michoro haikuwapo. Lililokuwapo ni wazo la wahandisi wa Intel, Ted Hoff na Stan Mazor, kwamba akili yote ya mashine ikae ndani ya chipu moja. Miezi ilikuwa imepita bila fundi wa kulishika.

Fundi akawa huyu Mwitaliano wa miaka 28, mzaliwa wa Vicenza, aliyehamia Marekani miaka miwili tu nyuma. Akiwa na miaka 19 alishaunda kompyuta ndogo kwenye kampuni ya Olivetti, kabla hata ya kusomea fizikia Padova. Mwaka 1968, akiwa kampuni ya Fairchild, aliongoza kazi ya kuunda lango la transista, ile sehemu inayoruhusu au kuzuia umeme, kwa silikoni badala ya alumini. Transista zikawa ndogo, za kasi, na nyingi zikaenea mahali padogo. Naamini bila ufundi huo wazo la Hoff lingebaki kwenye makaratasi.

Shima, hasira zikishapoa, alibaki miezi kadhaa akimsaidia. Chipu za kwanza, mwishoni mwa 1970, zilitoka zimekufa: kiwandani tabaka moja lilikuwa limesahauliwa. Januari 1971 zikaja nyingine. Faggin alizipima usiku, peke yake maabarani, na alipofika nyumbani alfajiri alimkuta mkewe, Elvia, yu macho akisubiri habari. Inafanya kazi! Ndiyo 4004, yenye transista 2,300 kwenye kipande kidogo kuliko ukucha. Pembeni yake alikuwa amechora F.F., kama msanii anavyotia saini kazi yake.

Alihitaji saini hiyo, kwani sifa za kazi yake zingekuja kupewa mwingine. Mwaka 1974 aliondoka Intel akaanzisha Zilog pamoja na Ralph Ungermann, kwa mtaji wa kampuni ya mafuta ya Exxon, na Shima akamfuata. Chipu yao ya Z80 ya mwaka 1976 ilielewa programu zilizoandikwa kwa ajili ya 8080 ya Intel, ambayo Faggin mwenyewe ndiye aliyeibuni, hivyo mnunuzi hakulazimika kutupa kazi yake ya zamani. Hapo naiona akili ya mfanyabiashara. Z80 iliingia kwenye kompyuta za TRS-80 na ZX Spectrum na mashine za mchezo wa Pac-Man, na hadi 2024 ilikuwa bado ikiuzwa.

Lakini kwa miaka mingi Intel iliposimulia kuzaliwa kwa 4004, jina lililotajwa lilikuwa la Hoff. Elvia alipigania sana ukweli kuhusu kazi ya mumewe ujulikane. Tuzo ya Kyoto ya 1997 iliwapa heshima wote wanne: Faggin, Hoff, Mazor, na Shima aliyekuja kukagua michoro.