Gadi asiyeonekana kwenye karatasi

Kwa zaidi ya nusu karne wataalamu wa takwimu wamekuwa wakijaribu kumpima mchezaji wa mpira wa kikapu ambaye ubora wake umo katika yale yasiyotokea. Makala hii inatoka Flemingsberg, kusini mwa jiji la Stockholm.

Flemingsberg ni kitongoji cha manispaa ya Huddinge. Mgeni anayeteremka kwenye treni ya abiria hukutana na hospitali kubwa ya Karolinska, majengo ya Chuo Kikuu cha Södertörn, na maghorofa marefu yaliyopakwa rangi kali, yaliyojengwa zama zile Sweden ilipoazimia kujenga nyumba milioni moja kati ya mwaka 1965 na 1974. Wakaazi wake wametoka pembe nyingi za dunia, na siku za Jumamosi, wakati wa baridi, sehemu ya watoto wao huwa katika ukumbi wa michezo.

Mechi za vijana nchini Sweden huendeshwa kwa kujitolea kwa wazazi. Wengine huuza kahawa, wengine huketi kwenye meza ya mwandishi wa mchezo. Ndivyo nilivyojikuta mezani hapo Jumamosi moja, kando ya mzazi mwenzangu aliyetoka Bukavu. Binti yake ni gadi, yaani mmoja wa wale wachezaji wafupi wanaoupandisha mpira na ambao, mpira ukiwa kwa wapinzani, hukabidhiwa kumfuata yule mwepesi zaidi wa upande wa pili. Siku hiyo alimfuata msichana mmoja mwenye kasi ya ajabu hadi msichana yule akachoka kuomba pasi. Mechi ilipomalizika, baba mtu aliinamia karatasi.

"Ndugu, huyu mtoto wangu hayumo humu?" aliuliza.

"Yumo," nilimjibu. "Ana faulo nne."

Hakucheka, na kwa kweli halikuwa jambo la kuchekesha. Karatasi ya kawaida ya mchezo huandika pointi na faulo. Mchezaji ambaye kazi yake ni kuzuia huacha alama moja tu juu yake, nayo ni idadi ya makosa yake. Na kocha wa timu ya mkoa ambaye hakuwepo ukumbini atasoma nini, kama si karatasi?

Malalamiko haya ni ya zamani kuliko sisi sote tuliokuwa mezani pale. Ligi ya Marekani, NBA, ilianza mwaka 1946, na kwa muda wa miaka 27 haikuandika rasmi mpira uliopokonywa wala mtupo uliozuiwa. Katika miaka hiyo aliishi na kustaafu K.C. Jones, gadi wa Boston Celtics. Alicheza misimu 9 na kutwaa ubingwa mara 8. Wastani wake wa pointi ulikuwa 7.4 kwa mchezo, na hakuwahi kuchaguliwa hata mara moja katika mechi ya nyota wa ligi. Wapinzani wake walimjua vyema, lakini vitabu vya takwimu havikuwa na safu ya kumweka. Alisubiri hadi mwaka 1989 kuingizwa katika ukumbi wa mashujaa wa mchezo huo, zaidi ya miongo miwili tangu aache kucheza.

Msimu wa 1973-74 ndipo ligi ilipoongeza safu mbili mpya: mipira iliyopokonywa na mitupo iliyozuiwa. Safu ya pili ilikuwa ya warefu. Ile ya kwanza ikawa ya gadi, na kiongozi wake wa mwanzo alikuwa Larry Steele wa Portland, kwa wastani wa 2.68 kwa mchezo. Hatimaye mlinzi mfupi alikuwa na namba yake. Mwaka 1986 Alvin Robertson wa San Antonio alimaliza msimu akiwa amepokonya mipira 301, rekodi ambayo haijavunjwa hadi leo, na akatunukiwa tuzo ya mlinzi bora wa mwaka.

Namba hiyo, hata hivyo, ina kasoro ambayo kila mchezaji wa mtaani anaijua. Kupokonya mpira ni kamari. Gadi anayeruka kuuwahi kila mpira unaopita karibu naye ataupata mara mbili, tatu, kisha mara kumi ataachwa nyuma, na wenzake wanne watalazimika kuwakabili watu watano. Karatasi itaandika zile mara tatu. Zile kumi zitaandikwa kama pointi za mshambuliaji, na wala hazitamtaja aliyefungua mlango. Gadi mwingine asiyeruka, bali anayesogeza miguu na kumsukuma mpinzani kuelekea kona isiyo na faida, anaweza kumaliza jioni nzima akiwa na sifuri.

Tena kuna swali la nani anaandika. Mwaka 1988 Michael Jordan alitangazwa mlinzi bora wa ligi akiwa amepokonya mipira 259. Mwaka 2024 mwandishi wa Marekani Tom Haberstroh alizichambua upya hesabu za msimu ule na kuonyesha kwamba 165 kati ya hizo ziliandikwa katika mechi za nyumbani Chicago, na 94 tu ugenini. Waandishi wa meza ni watu wa klabu mwenyeji, na mkono wao huwa mwepesi kwa wa kwao. Haina maana kwamba Jordan hakuwa mlinzi hodari; kila aliyemwona anajua alikuwa. Ina maana kwamba namba tuliyoichukua kama ushahidi ilikuwa, kwa kiasi fulani, maoni ya mtu aliyeshika kalamu. Nami niliyeketi kwenye meza ile ya Flemingsberg sina ujasiri wa kuwacheka.

Makocha wengine waliamua kujihesabia wenyewe. Rick Pitino, aliyefundisha vyuoni na katika ligi kuu ya Marekani, aliwataka wasaidizi wake waandike kila mara mkono wa mchezaji ulipougusa mpira wa mpinzani njiani, hata kama mpira haukupatikana. Lengo lake lilikuwa miguso 35 kwa mchezo. Ilikuwa njia nzuri ya kumwona mtu anayesumbua bila kupora, na ligi yenyewe ilikuja kuanza kuchapisha hesabu kama hizo mwaka 2016.

Mageuzi makubwa zaidi yalitoka katika mchezo mwingine, ambao jirani zangu wa hapa wanaupenda kuliko mpira wa kikapu. Katika mpira wa magongo wa barafuni, klabu ya Montreal Canadiens ilianza miaka ya 1950 kuandika kwa kila mchezaji tofauti kati ya mabao yaliyofungwa na yaliyofungwa dhidi yao wakati yeye yumo uwanjani. Hakuna haja ya kuona alichofanya. Inatosha kuona kilichotokea akiwepo. Kwa mlinzi hilo ni jambo la haki, kwani utulivu wake wote, hata usio na jina, unaingia kwenye hesabu.

Lakini katika kikapu watu watano hucheza pamoja, na hapo ndipo ugumu ulipo. Tumchukue Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefariki mwaka 2024, aliyepata tuzo ya mlinzi bora mara nne na kuzuia mitupo 3,289. Gadi aliyecheza mbele ya mtu kama huyo angeweza kupitwa mara ngapi na asiadhibiwe? Mshambuliaji anamwacha, anaingia ndani, anakutana na mkono wa Mutombo, na namba za gadi aliyezembea zinapendeza. Gadi mwingine, mwenye bidii maradufu, anacheza na warefu wazembe na anaonekana kuvuja.

Ili kuwatenganisha, Wayne Winston na Jeff Sagarin waliitengenezea klabu ya Dallas Mavericks, miaka ya mwanzo ya 2000, mfumo uliokuwa ukizingatia wote kumi waliomo uwanjani kwa kila kipindi, kisha kukadiria mchango wa kila mmoja wenzake na wapinzani wakishaondolewa kwenye mizani. Hesabu hiyo ni ya haki kuliko zilizotangulia, ila inahitaji michezo mingi sana. Wachezaji wawili wanaoingia na kutoka pamoja kila siku, kompyuta haiwezi kuwatofautisha. Aidha, wapinzani wakipata wiki nzuri ya kutupa kutoka mbali, gadi ataonekana mbaya kwa bahati tupu, kwa sababu mlinzi anaweza kupunguza idadi ya mitupo ya mbali kuliko anavyoweza kuamua kama itaingia.

Shane Battier wa Houston Rockets alikuwa mfano maarufu wa enzi hiyo. Kwa umbo hakuwa gadi, lakini ndiye aliyepewa kumkaba Kobe Bryant, gadi aliyeogopwa kuliko wote. Mwaka 2009 mwandishi Michael Lewis alieleza jinsi Battier alivyopewa takwimu za sehemu ambazo Bryant hutupa kwa ufanisi mdogo, naye akamwelekeza huko, akiinua mkono mbele ya macho yake badala ya kujaribu kuuzuia mpira. Karatasi ya mchezo ilimwonyesha kama mtu wa kawaida kabisa.

Msimu wa 2013-14 kamera sita ziliwekwa katika dari ya kila uwanja wa NBA, zikiandika mahali pa kila mchezaji na mpira mara 25 kwa sekunde. Mwaka 2015 watafiti wanne, Alexander Franks, Andrew Miller, Luke Bornn na Kirk Goldsberry, walitumia picha hizo kukadiria nani alikuwa akimkaba nani kila wakati, na hivyo mtupo ambao mpinzani aliuacha ukaanza kuhesabika. Kwa mara ya kwanza jambo lisilotokea lilipata safu yake. Hata hivyo kamera haijui kocha aliagiza nini. Gadi akimwachia mtu wake kwa makusudi ili mrefu amalizie kazi, mashine inaweza kumhukumu kwa kutii.

Tangu Gary Payton mwaka 1996 hakuna gadi aliyepata tuzo ya mlinzi bora hadi Marcus Smart wa Boston mwaka 2022, ambaye hakuongoza ligi kwa kupokonya mipira. Muda wote huo katikati, miaka 26, tuzo ilikwenda kwa warefu na wa pembeni.

Afrika Mashariki nayo ina hadithi yake. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili katika mchujo wa NBA wa mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Urefu wake na mitupo aliyoizuia chuoni vilionekana na kila mtu na vilihesabika. Ni gadi gani wa Dar es Salaam, Mombasa au Goma angeweza kuvuka bahari kwa sababu tu wapinzani wake walichoka kuomba pasi? Ligi ya Afrika, BAL, ilipoanza Kigali mwaka 2021, tuzo yake ya kwanza ya ulinzi ilikwenda kwa Anas Mahmoud wa Zamalek, naye pia ni mrefu. Na Kenya ilipoishinda Angola 74-73 huko Yaoundé mwezi Februari mwaka huohuo, sote tuliukumbuka mtupo wa mwisho wa Tylor Ongwae. Kuizuia timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Afrika mara 11 wakati huo isivuke pointi 73, hilo sijalisikia likisimuliwa.

Jumamosi iliyofuata mzazi mwenzangu alikuja na daftari la shule. Tulichora safu tatu: mara mpinzani aliyekabwa na binti yake alipopita, mara alipolazimika kurudisha mpira nyuma, na mara alipoomba pasi asipewe. Safu ya tatu ndiyo iliyotushinda. Yeye aliandika mara 14, mimi niliandika 9, na tulikuwa tumeketi bega kwa bega. Tulilinganisha madaftari hadi mlinzi wa ukumbi alipozima taa, kisha tukaendelea kwenye kituo cha treni. Mikwaju miwili kati ya ile tuliyobishania nimemkubalia. Kuhusu mitatu iliyobaki bado nasema msichana yule hakuwa ameomba mpira. Alikuwa akifunga kamba za kiatu.