Uzi: ziwa likigeuka kijani

Kila Ghuba ya Winam ikigeuka kijani, kuna mtu jukwaani wa kuahidi mashine ya kusafisha. Kabla tupige makofi, hebu tuangalie Ziwa Erie, kati ya Marekani na Kanada.

Miaka ya 1960 watu walisema Erie limekufa. Maji taka na sabuni za kufulia zilijaa fosforasi, na mwani hula hiyo. Mwaka 1972 nchi hizo mbili zikasaini mkataba, maji taka yakasafishwa, sabuni zikabadilishwa. Ziwa likapona kweli. Lakini hapo kazi ilikuwa rahisi kidogo, manake bomba unaliona na mwenyewe unamjua.

Mbolea huja na mvua kutoka mashamba maelfu, na wakulima ni kura. Wao waliachiwa hiari zaidi. Mwani ukarudi. Agosti 2014 watu zaidi ya 400,000 wa Toledo, Ohio, na viunga vyake wakaambiwa wasinywe maji ya mfereji, na wasiyachemshe pia: sumu yake haiishi kwa moto, inakolea tu.

Sisi Winam tuna yote mawili, maji taka ya mji na mbolea inayoshuka na mito kama Nyando. Sasa mwenye mashine akija, mimi namuuliza: huko juu mashambani utaenda kusema nini?