Sanduku la kuhifadhi faili za ofisi: namna ya kuliweka

Ofisi ndogo za hapa Mombasa, iwe ya wakala wa forodha, ya wakili au ya chama cha akiba na mikopo, mara nyingi huweka kazi zote kwenye kompyuta ya mtu mmoja na flashi inayozunguka meza hadi meza. Na sheria ya ushuru inamtaka mwenye biashara atunze hesabu zake kwa miaka 5. Flashi si mahali pa kuweka amana ya namna hiyo.

Dawa yake ni sanduku ambalo madukani huitwa NAS. Ni kompyuta ndogo isiyo na skrini, yenye diski ndani, inayochomekwa kwenye ruta ili wote waliomo kwenye mtandao wa ofisi wafikie faili zile zile. Synology na QNAP ni majina yanayojulikana.

Kwa watu watano au sita, sanduku la diski 2 linatosha. Nunua diski zilizotengenezwa kwa kazi hii, mfano Seagate IronWolf au WD Red, kwani zitazunguka usiku na mchana. Ukiliwasha mara ya kwanza, chagua RAID 1: kinachoandikwa kwenye diski moja huandikwa na kwenye ya pili. Diski 2 za terabaiti 4 zitakupa nafasi ya terabaiti 4, si 8. Wengi huona wamepunjwa hapa, lakini diski moja ikifa kazi haisimami.

Liunganishe kwa waya, si waifai, na kwenye ruta ulipe anwani isiyobadilika. Kila mfanyakazi awe na jina na nywila yake. Ile akaunti ya "admin" fungua nyingine badala yake kisha uizime. Karani wa mapokezi hana haja ya kuona faili ya mishahara.

Liweke mbali na dirisha, maana hewa ya chumvi hula vyuma. Lichomeke kwenye UPS, na uunganishe ule waya wa USB kati yao, ili stima ikipotea sanduku lijizime lenyewe kwa utaratibu.

Usilifungulie mlango wa intaneti. Mwaka 2022, virusi vya DeadBolt viliingia kwenye masanduku ya QNAP yaliyokuwa wazi kwa intaneti, vikafunga faili na kudai bitcoin. Anayetaka kufanya kazi akiwa nyumbani apitie VPN.

Tena, RAID 1 si nakala ya akiba. Faili ikifutwa kwa bahati mbaya, imefutika kwenye diski zote mbili kwa mpigo mmoja, na mwizi akibeba sanduku amebeba zote. Nunua diski 2 za nje, uwe unazibadilisha kila wiki: moja iko ofisini ikinakili, nyingine iko nyumbani kwa mwenye ofisi, imefungiwa kabatini na kulindwa kwa nywila, kwa sababu ina taarifa za wateja. Kila baada ya miezi mitatu chagua faili moja ya zamani, ujaribu kuirudisha kutoka kwenye nakala na kuifungua.