Uzito wa mwili hupunguza nguvu ya vidonge vya vitamini D

Watu wawili wanaweza kununua vidonge vya vitamini D katika duka moja la dawa mjini Morogoro na kuvimeza kwa kipimo kilekile, lakini damu zao zikaonyesha matokeo tofauti. Sababu mojawapo ni uzito.

Vitamini D huyeyuka katika mafuta. Mwili unapokuwa mkubwa, vitamini hiyo husambaa mahali pengi zaidi, na sehemu yake huhifadhiwa katika mafuta ya mwili. Hivyo kinachobaki katika damu huwa kidogo.

Utafiti wa VITAL wa nchini Marekani ulihusisha watu wazima 25,871. Baadhi walipewa yuniti 2,000 za vitamini D kila siku na wengine vidonge visivyo na dawa. Uchambuzi ulioongozwa na Deirdre Tobias, uliochapishwa Januari 2023, ulionyesha kuwa kiwango cha vitamini hiyo kilipanda kwa wenye uzito wote, ila kwa wanene ongezeko lilikuwa dogo.

Unene hupimwa kwa kugawanya kilo za mtu kwa kipeo cha pili cha urefu wake wa mita. Mwenye urefu wa mita 1.6 na kilo 60 hupata 23.4, kiwango cha kawaida. Akiwa na kilo 90 hupata 35.2, unene wa kupindukia huanzia 30.

Je, jua linatosha? Morogoro ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na mkulima wa Mgeta katika Milima ya Uluguru hushinda shambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania wakiwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiwango kizuri. Hata hivyo, utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulionyesha kuwa baada ya kupigwa na mionzi ya aina moja, ongezeko katika damu ya wanene lilikuwa pungufu kwa asilimia 57.

Hayo yote si ruhusa ya kujiongezea vidonge. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hupanda katika damu na kuweza kudhuru figo. Mwenye shaka amwone daktari, amweleze uzito wake, naye ndiye aamue kipimo.