Hazina za Wafalme Kasubi
Msikilizaji wetu, wafalme wa kale wa Sumeri, Iraki ya leo, walizikwa na dhahabu. Kasubi, jijini Kampala, mikuki, ngao na ngoma za kifalme ziliwekwa juu ya ardhi, ndani ya nyumba ya nyasi walimozikwa Kabaka wanne, kuanzia Mutesa I aliyefariki mwaka 1884. UNESCO iliyatambua makaburi hayo mwaka 2001. Machi 16, 2010 moto uliteketeza nyumba. Makaburi yalisalimika, lakini vitu vingi vya kale vilipotea.

Usukumani, ngoma na viti vya watemi vinatunzwa Makumbusho ya Bujora, Kisesa, Mwanza. Kama nyumbani kwenu Binza kipo kifaa cha ntemi, kikingeni na moto na mchwa, na andikeni historia yake wazee wangalipo.