Icyangwe, dodoki, eponji: historia ya kitu cha kujisugulia

Kwenye vitu tulivyopewa Nkamira mwaka 2012 kulikuwa na blanketi, sufuria, ndoo, bidoni, sabuni na chandarua. Mama alivitoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya mkeka, akavihesabu mara mbili. Halafu akauliza, "Na ya kujisugulia iko wapi?" Kijana aliyekuwa anagawa alicheka, akamwambia atumie mkono. Nyogokuru, aliyekuwa amekaa pembeni miguu imevimba kwa kutembea toka Masisi, alimjibu bila kumwangalia: "Mukono haifike ku mugongo, mutoto wangu."

Usiku ule mama alikata pembe moja ya chandarua, akaikunja mara nne, akaifunga fundo. Kesho yake sisi watoto watano tulisuguliwa kwa zamu na kipande kilekile. Najua wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida letu watatikisa kichwa hapa. Chandarua ni cha kuzuia mbu, sawa. Lakini mngetuona siku ile. Vumbi la njia ya Sake lilikuwa limegandamana shingoni na jasho la siku nyingi, na sabuni peke yake ilikuwa inateleza juu ya ile nongo kama maji juu ya jani la mateke.

Leo nina miaka 26 na nafanya kazi na vijana palepale Nkamira, hapa wilaya ya Rubavu. Naandika habari hii kwa sababu ya ugomvi. Mvulana mmoja wa kikundi chetu alipata upele, na wenzake wanaolala naye hema moja wakasema ni yeye aliyewaletea, kwa sababu alikuwa anachukua kitu chao cha kuogea bila kuomba. Mkutano wetu uligeuka kesi. Kesi yenyewe hatukuimaliza vizuri, lakini katikati ya kelele binti mmoja aliuliza: "Dada, zamani batu balikuwa banajisugua na nini? Kila mutu na yake, ao moya ya famille yote?" Sikuwa na jibu. Nikampigia simu nyogokuru, ambaye sasa yuko kambi ya Kigeme, na yeye akafurahi sana, maana kumbe hii ndiyo ilikuwa biashara yake.

Nianze na majina. Kwa Kinyarwanda kitu hiki ni icyangwe, vikiwa vingi ni ibyangwe. Ukivuka mpaka kwenda Uganda, Waganda na Wanyankore wanasema ekyangwe. Ni neno lilelile, limebadilisha shati tu. Pwani, kule Tanzania na Kenya, wanaita dodoki. Sisi watoto wa Goma tuliosoma Kifaransa tunasema eponji, na mimi naona jina hili ndilo baya kuliko yote, kwa sababu eponji ya kweli ni mnyama wa baharini na hii yetu ni tunda. Ni ndugu wa tango na boga. Wataalamu wanaiita Luffa, jina walilolitoa kwa Waarabu. Tunda likiwa bado changa watu wa Asia wanalipika kama mboga. Likikomaa, nyama yake inageuka wavu wa nyuzi ngumu, na hapo ndipo linapokuwa mali.

Nyogokuru alinieleza kazi yenyewe kama mtu anayeelekeza mpishi mbishi. Mmea upandishwe juu ya mti au ua, kwa sababu tunda likilala chini linapinda na kuoza upande. Usilichume likiwa kijani. Liache palepale juu mpaka ganda ligeuke kahawia, liwe jepesi, na ukilitikisa usikie mbegu zinacheza ndani. Hapo unalivunja ganda, unaliloweka, unakung'uta mbegu nyeusi, unaanika jua kali. Toka kupanda mpaka kuanika ni miezi mitano hivi, na penye baridi zaidi. Tafadhali kumbuka hiyo miezi mitano, nitairudia.

Alikuwa anavipata kwa wakulima wa mabondeni, anavileta Birere, Goma, na siku za soko anavuka Petite Barrière kuuza Gisenyi. Wanaoujua mpaka huu wanajua kwamba biashara yake kubwa inabebwa kichwani na wanawake: nyanya, unga, mayai, vitenge. Ibyangwe vilikuwa na faida moja, ni vyepesi. Mwanamke mmoja anabeba mia bila kutoka jasho. Tena Rwanda ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na askari wa mpaka wakawa wanaikamata, yeye hakuwa na cha kunyang'anywa. Ibyangwe vyake vilikuwa vimefungwa kwa kamba ya mgomba toka zamani. Alikuwa anapita akicheka.

Nilimuuliza ni mwaka gani biashara ilikufa kabisa. Nilidhani atasema 2002, volkano. Akasema mwezi wa saba, 1994.

Wengi wetu tumezaliwa baadaye, kwa hiyo niseme kidogo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu kati ya laki 5 na laki 8 walivuka kutoka Gisenyi kuingia Goma kwa siku chache tu. Ndani ya kundi hilo walikuwemo waliokuwa wameua, na walikuwemo akina mama na watoto wasiojua waendako. Ardhi ya Goma ni mwamba wa lava. Choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki. Maji yalikuwa ya ziwa Kivu, yanachotwa palepale watu wanapojisaidia. Kipindupindu na kuhara vikafuata, na ndani ya mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000. Nyogokuru alikuwa Birere na gunia zima la ibyangwe. "Nani anaweza nunua kitu ya kuoga," aliniambia, "na hana hata maji ya kunywa?" Akawapa wanawake waliokuwa wanaosha maiti za watu wao kando ya barabara. Hakunieleza zaidi, nami sikumsukuma. Simu ilikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

Kuna jambo nililolikuta katika kusoma ambalo bado linanisumbua. Mwaka huohuo wa 1994 watafiti wa New York walichapisha kazi kuhusu kitu hikihiki. Walionyesha kwamba dodoki likikaa na unyevu linakuwa shamba la bakteria. Vijidudu vinashika kwenye mabaki ya ngozi yaliyonasa katika nyuzi, vinaongezeka usiku kucha, na kesho yake unajipaka mwenyewe ukidhani unajisafisha. Dawa yao ilikuwa maji ya klorini, na kukausha. Yaani klorini ileile iliyokuwa inatafutwa Goma kwa ajili ya kipindupindu, kule Marekani wanaipima kwa ajili ya bafu. Siwalaumu. Kazi yao ndiyo iliyonisaidia mimi, miaka 30 baadaye, kuwaeleza vijana wangu kwa nini wasiache icyangwe ndani ya ndoo.

Sabuni nayo ina historia, tena ina uchungu. Mwaka 1911 kampuni ya Lever ya Uingereza, watengenezaji wa sabuni ya Sunlight, ilipewa na Wabelgiji maeneo makubwa ya michikichi katika Kongo. Watu walilazimishwa kupanda miti na kukata mawese, na mwaka 1931 Wapende wa Kwilu walisimama wakakataa, wakapigwa risasi. Mafuta yalisafiri kwenda Ulaya, yakawa sabuni. Basi babu zetu walivuna sabuni kabla hawajaoga nayo. Icyangwe haikupita njia hiyo. Hakuna aliyepewa ardhi ya mtu kwa ajili yake, angalau huku kwetu. Dunia ya mbali iliihitaji kwa muda: kabla ya Vita vya Pili, Japani ndiyo ilikuwa muuzaji mkubwa, na jeshi la majini la Marekani lilitumia nyuzi zake kuchujia maji na mafuta kwenye injini za meli. Vita vilipokwisha, wakaiacha irudi bafuni.

Mnaojua Gisenyi mtauliza, mbona hasemi juu ya mawe? Nasema. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya Goma mpaka ziwani, na watu walikimbilia huku Gisenyi kwa mguu. Walipoanza kurudi, kitu kilichokuwa kingi kuliko vyote ni mawe meusi yenye matundu. Watu walijengea kuta, na wamama walichagua madogo ya kusugulia magaga ya miguu. Mimi nililelewa na jiwe la namna hiyo. Lakini jiwe ni la kisigino. Ukimwona mtu anasugua nalo mgongo au uso, mzuie, atachubuka, na mahali palipochubuka ndipo ugonjwa unapoingilia.

Pale chini Nyamyumba, karibu na kiwanda cha Bralirwa ambacho kimekuwepo toka 1957, kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, amashyuza. Jumapili utakuta wazee wamekaa humo mpaka shingoni, na vijana wanasugua migongo ya watu kwa malipo. Nilienda kuwatazama. Wanangoja kwanza. Mtu anakaa ndani ya joto mpaka ngozi ya vidole inakunjamana, ndipo wanaanza, polepole, kwa mzunguko. Nongo inatoka kama vijiti vidogo vya kijivu. Nguvu hawatumii hata kidogo, kazi kubwa inafanywa na maji. Huko kambini tunafanya kinyume, maji ya baridi kidogo sana na mkono mzito.

Mkono mzito una sababu nyingine, na hii nawaandikia hasa wasichana. Wapo wanaojisugua ili wawe weupe. Mwishoni mwa 2018 serikali ya Rwanda ilianza kukamata madukani mafuta ya kuchubua ngozi, yale yenye zebaki na haidrokwinoni, na msako ule ulifika mpaka masoko ya hapa. Mafuta yakawa ya kujificha, na baadhi ya dada zetu wakahamia kwenye kusugua. Nimeona mapaja yenye vidonda. Icyangwe inatoa ngozi iliyokwisha kufa, ile ya juu kabisa. Rangi haiko huko. Rangi iko chini zaidi, na ukiifikia kwa icyangwe umeshajijeruhi.

Sasa turudi Nkamira. Kipimo cha kimataifa kinasema kila mtu apate gramu 250 za sabuni ya kuogea kwa mwezi. Kwa hiyo sabuni inapimwa kwa gramu na maji kwa lita. Kitu cha kusugulia mgongo sijakiona kwenye kifurushi chochote nilichogawa au nilichogawiwa. Matokeo ni kwamba familia ya watu wanane inatumia kitambaa kimoja, kinachokaa mbichi ndani ya hema, na upele ukiingia kwa mmoja unawamaliza wote. Yule mvulana wa kesi yetu hakuwa mwizi. Alikuwa hana chake. Na swali la yule binti nyogokuru alilijibu bila kufikiri: kila mtu na yake, mama na mtoto anayenyonya ndio wanachangia, na yote inaning'inizwa juani kila asubuhi. Ilikuwa aibu kwa mgeni kukuta icyangwe imelala chini.

Nyogokuru alinitumia mbegu kupitia mtu aliyekuwa anatoka Kigeme, zimefungwa kwenye kipande cha kitenge. Tulizipanda kando ya ua, mashimo 14. Mzee mmoja alisimama akatutazama muda mrefu, halafu akaniuliza, "Mwanangu, hii inazaa baada ya muda gani?" Nikamwambia miezi mitano. Akacheka kicheko kibaya. Nkamira ni kituo cha kupitia. Mimi mwenyewe nilipita hapa nikiwa na miaka 13. Waliokuja mwishoni mwa 2022 waliambiwa ni kwa muda mfupi, kisha wanapelekwa Mahama. Kupanda kitu cha miezi mitano mahali kama hapa ni kama kusema kwa sauti jambo ambalo watu wameamua kulinyamazia. Mama mmoja alikataa kabisa mtoto wake asishike jembe. Alisema nikipanda nitawafungia bahati ya kuondoka.

Mashimo tisa yaliota. Baridi ya hapa iliyachelewesha, na mvua ilioza matunda mawili. Yule mvulana wa upele, ambaye alipata dawa na akapona, ndiye aliyekuwa anayafunga juu kwa kamba. Matunda yalipokuwa bado yamechanganyika kijani na kahawia, orodha ya Mahama ikasomwa, na jina la yule mama aliyekataa jembe lilikuwemo. Asubuhi ya kupanda basi alikuja uani, hakunisalimia, akanyoosha kidole kwenye tunda lililokuwa kubwa kuliko yote. Nikamwambia, "Mama, haijakauka bado." Akasema, "Itakauka kule." Nikalikata na kikonyo chake, akalifunga ndani ya kitenge pamoja na karatasi zake za usajili, akapanda.